Muhuri Haukuvunjika

Saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, siku ya Jumanne, askari wanne waliingia katika duka moja pale Malili, na kesi ya akiba ya chama cha dada yangu ikaanza. Saa hiyo sikuikisia. Imeandikwa juu kabisa ya orodha ya vitu vilivyochukuliwa dukani, na mimi ndiye niliyemsomea ofisa mpelelezi kutoka kwenye saa yangu ya mkononi, kwa sababu yake ilikuwa imeisha betri.

Nilikuwa pale kama fundi. Nina kibanda mjini Kitui ambako natengeneza simu na kompyuta. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Niliipata kwa kufungua vitu vilivyokufa na kusoma vile vijitabu vya maelezo ambavyo watu hutupa pamoja na boksi. Humo nilipata tabia moja: skrubu ikitoka, iandikwe imetoka wapi. Askari walikuwa wameomba mtu wa kuwaambia kila kifaa kinaitwaje, na dada yangu akawaambia kwamba ana ndugu anayejua.

Dada yangu ni mweka hazina wa chama cha wanawake thelathini na mmoja huko Kilungu. Wanauza parachichi na machungwa kwa madalali wanaosubiri na malori kwenye barabara kuu. Kwa miaka mingi akiba yao ilikaa benki ikizaa kidogo sana. Kisha mwenye duka la Malili, aliyekuwa shemasi katika kanisa lao, akawaletea habari za sarafu za mtandaoni. Alikuwa akiomba kwanza, halafu anafungua laptopi. Kwa miezi saba aliwalipa faida bila kukosa. Mwezi wa nane alisema soko limelala. Mwezi wa tisa simu yake ikawa haishikwi.

Chama hicho kina desturi ambayo sijaiona kwingine. Mwanachama akileta wazo la pesa, husimama mbele ya wenzake na kutaja kitu chake kitakachochukuliwa wazo hilo likianguka. Hawakubali karatasi. Wanataka kitu ambacho mtu anaweza kutembea mpaka kilipo akakigusa. Dada yangu ndiye aliyelileta wazo la shemasi, na alitaja miparachichi yake arobaini ya mteremko wa chini. Tangu afiwe na mumewe, miti hiyo ndiyo mshahara wake. Pesa isiporudi, mavuno yake yangekuwa ya chama mpaka hasara yote ilipwe. Kwa umri wake na kwa bei za madalali, hiyo ilimaanisha maisha yake yote yaliyobaki.

Kwa hiyo niliingia dukani na hofu moja tu, kwamba vifaa vingebadilishwa kwenye stoo ya polisi. Nimewahi kuona simu nzuri ikiingia kituoni na kutoka ikiwa nyingine ya rangi ile ile.

"Andika kila kitu, afande," nilimwambia ofisa mpelelezi.

"Fundi, nimeandika simu tatu na laptopi moja. Si inatosha?"

"Andika namba za ndani, zile za kiwandani. Andika na huo ufa kwenye kioo, kona ya kulia."

Askari mmoja akacheka. "Huyu mzee angekuwa polisi tungelala hapa wiki mbili."

"Wacha aendelee," ofisa akasema. "Anataka kazi safi. Tumpe kazi safi."

Laptopi ilikuwa wazi, ikionyesha pochi ya sarafu na thamani yake kwa shilingi. Nilimsomea tarakimu hizo: milioni moja, elfu mia tisa kumi na mbili, na mia nne. Nilimsikia dada yangu mlangoni akisema, "Aiya!" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Shemasi hakuwa ameila pesa. Alikuwa ameikalia tu.

Chini ya droo tulipata karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye maneno ishirini na manne ya Kiingereza, kila neno na namba yake. Yalikuwa maneno ya kawaida: jina la tunda, la kiungo cha mwili, la mnyama, kitendo fulani. Sikujua ni nini. Nilijua vyuma na nyaya, sarafu sikuzijua. Nilidhani ni nywila zake za hapa na pale. Ofisa alitaka kuandika "karatasi moja yenye maandishi." Nikakataa. Nilimwambia kwamba karatasi moja yenye maandishi inaweza kuwa karatasi yoyote duniani. Nikamsomea maneno yote, moja baada ya jingine, nikimtajia herufi pale alipokwama, naye akayaandika katika orodha kwa kalamu ya bluu. Tukatia sahihi: yeye, shemasi tuliyemkuta dukani, dada yangu, na mimi kama shahidi. Kila mmoja alipewa nakala ya kaboni.

Nilirudi Kitui nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nikikumbuka kuridhika kule leo, naona aibu.

Wiki mbili zilizofuata nilisoma. Mimi husoma hivyo, kitu kikinipita najirudisha shule. Nikajifunza kwamba sarafu hizi hazikai ndani ya simu wala ndani ya laptopi. Zinakaa katika daftari moja la wazi lililotapakaa kwenye kompyuta nyingi duniani, na anayetambuliwa kuwa mwenyewe ni yule tu anayejua maneno yake ishirini na manne. Mtu yeyote akiyaandika katika simu yoyote, mahali popote, pesa ni yake, na akishaihamisha hakuna ofisi ya kuirudisha. Simu tatu na laptopi ambazo nilizipigania mpaka ufa wa kioo zilikuwa maganda tu. Pesa ya wanawake thelathini na mmoja ilikuwa ndani ya orodha, na aliyeipeleka humo ni mimi.

Nikajifunza na dawa yake. Askari wanaojua kazi hii huhamisha sarafu papo hapo, kabla hata ya kuzima laptopi, kwenda kwenye pochi mpya ambayo maneno yake yanajulikana na serikali peke yake. Huko zinasubiri amri ya korti: ziuzwe, au zirudishwe kwa wenyewe. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kituoni. Ofisa alinisikiliza, kisha akanipeleka stoo ya vielelezo ili anitulize. Harufu ilinipokea kabla ya mlango kufunguka wote: chang'aa iliyovuja kwenye jerikeni, magunia ya bangi yaliyoota ukungu, kinyesi cha panya. Kulikuwa na panga lenye damu iliyokauka, limefungwa karatasi ya jina kama zawadi. Pembeni palikuwa na kabati la chuma.

"Unaona?" akasema. "Kufuli mbili. Ufunguo mmoja niko nao mimi, mwingine uko na mkubwa. Hapa hata panya haingii."

"Afande, pesa haimo humo."

"Iko wapi?"

"Iko kwenye yale maneno."

"Na maneno yako ndani ya bahasha, na bahasha iko ndani ya kabati. Sasa shida iko wapi?"

"Yako pia kwenye orodha. Orodha ina nakala."

"Mzee, nakala ni nakala. Eksibiti ni orijino."

Nilimweleza tena, polepole, jinsi ninavyomweleza mteja kwa nini simu iliyoanguka chooni haiponi kwa kuanikwa juani. Nikamwambia sarafu zihamishwe leo, yeye na mkubwa wake wakiwa wameketi hapo, na kila hatua iandikwe.

"Nihamishe eksibiti?" Alinitazama kama niliyemtukania mama. "Unajua hiyo kortini inaitwaje? Inaitwa kuharibu ushahidi. Mimi niko na watoto, fundi. Eksibiti haiguswi mpaka hakimu aseme."

"Basi mwombeni hakimu aseme."

"Kwa fomu gani?"

Hakuwa ananitania. Alisubiri nimtajie fomu.

Niliandika barua ya kurasa mbili, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza barua ilikuwa kwa mkubwa. Mara ya pili ilihitaji kupelekwa Nairobi kwa wataalamu, na gari halikuwa na mafuta, kwa hiyo nikatoa mia tano. Niliitoa mwenyewe, mkono wangu wenyewe, na nikasema asante. Mara ya tatu barua ilikuwa Nairobi. Kiongozi wa mashtaka aliahidi kulitaja jambo hilo siku ya kesi kutajwa. Siku hiyo hakimu alikuwa kwenye semina. Kesi ikasogezwa mwezi mmoja, na mwezi ulipokwisha tulikuta kiongozi mwingine wa mashtaka, ambaye faili hakuwa ameisoma na jina la chama alilitamka vibaya.

Wakati huo wote nilikuwa naitazama pesa. Shemasi alikuwa amechapisha anwani ya pochi yake kwenye risiti za wanawake ili waamini, na kwa anwani hiyo mtu anaweza kuona kilichomo bila kugusa. Kila asubuhi, kabla sijawasha chuma cha kulehemu, nilifungua daftari lile la dunia na kuangalia. Ilikuwa pale.

Na maneno nilikuwa nayo. Nakala yangu ya kaboni ilikuwa kwenye faili ya kijani, rafu ya pili, kibandani kwangu. Hakukuwa na siku ambayo sikulifikiria jambo hilo. Ningeweza kuihamisha pesa, nikaenda kortini na kumwambia hakimu iko hapa, niambie niipeleke wapi. Nilijipa sababu za kutofanya hivyo. Ingekuwa wizi machoni pa sheria. Ningefungwa, na dada yangu angeonekana alinituma. Sababu hizo ni za kweli. Lakini ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu, na sikuitaja hata kwangu mwenyewe: nilipenda kuwa mtu ambaye mikono yake ni safi. Nilikuwa nimeandika barua, nilikuwa na muhuri wa kupokelewa. Nilikuwa nawadharau wale askari kwa kulinda bahasha, na mimi nilikuwa nalinda cheti changu cha usafi.

Kisha ikafika siku ya upande wa shemasi kupewa ushahidi wote, kama sheria inavyotaka. Mashine ya korti haikuwa na wino. Ofisa mpelelezi aliibeba faili kwapani akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha fotokopi, akatoa nakala, akarudi. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa kwenye benchi la nje. Saa ya chakula ilipofika nilikwenda pale pale kununua njugu, maana mama wa fotokopi aliuza njugu pia, zilizofungwa kwa karatasi kama pembe. Nilipomaliza kutafuna, nikakunjua karatasi. Neno la kumi na tatu mpaka la ishirini na nne. Mwandiko wa bluu ulikuwa umetoka mweusi, wino umeteleza upande mmoja.

"Mama, hizi karatasi umetoa wapi?"

"Ni zile mashine imeharibu. Kwani njugu husoma?" Akacheka, na wateja wawili wakacheka naye.

"Umeuza ngapi za leo?"

"Za kumi kumi, nani anahesabu? Wewe umepata mbovu nikuongeze?"

Nilinunua rundo lote la karatasi lililobaki. Tatu zilikuwa kurasa za orodha yetu, moja ikiwa na maneno ya mwanzo. Nikazichoma nyuma ya choo cha korti, nimesimama katikati ya inzi, nikikanyagia majivu kwa soli mpaka yakawa tope. Nilipomwambia ofisa, alitikisa kichwa.

"Sasa fundi unachoma nakala za serikali? Wewe utajiletea kesi."

Siku hiyo ndiyo niliyopaswa kuigusa ile pesa. Nilikuwa na simu mfukoni na sababu ambayo hata mtoto angeielewa. Badala yake nilikwenda Kitui nikaandika barua ya pili.

Siku ya Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana, nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mwalimu mmoja. Asubuhi pesa ilikuwepo. Sijui ni kitu gani kilichonifanya nitazame tena mchana. Pochi ilikuwa sifuri. Nilifunga, nikafungua, sifuri. Daftari lilionyesha kila kitu bila aibu: yote imetoka kwa mkupuo mmoja, robo saa iliyopita, ikaingia kwenye pochi nyingine, na kutoka huko ilikuwa tayari inagawanywa vipande vipande. Nilikuwa naiona ikienda. Mwalimu aliniuliza kama naumwa.

Nilimpigia ofisa mpelelezi. Akaniambia nisikate, akamwita mkubwa wake na ufunguo wake, nikasikia kufuli ya kwanza, kisha ya pili.

"Fundi, tulia," akasema. "Eksibiti iko. Naiangalia sasa hivi. Muhuri haujavunjika."

Nilikwenda kesho yake, na alinionyesha. Aliiinua ile bahasha kwenye mwanga wa dirisha akaigeuza pande zote mbili, kama mtu anayeuza kuku mzima. Kweli muhuri ulikuwa mzima. Lakiri yake nyekundu, ile nta ya kufungia, haikuwa hata na mkwaruzo. Nilimfungulia lile daftari kwenye simu yangu, nikamwonyesha sifuri, nikamwonyesha saa. Ilimchukua muda. Nilipoona ameelewa, nilitarajia aogope. Aliketi, akavuta karatasi safi.

"Nani walikuwa na nakala?" akauliza.

"Shemasi. Wakili wake. Korti. Kiongozi wa mashtaka. Wewe. Dada yangu. Wanunuzi wa njugu."

"Na wewe."

"Na mimi."

"Na ni wewe ulikuwa unasema kila siku zihamishwe." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mzee, hiyo simu iweke hapa. Sasa nayo ni eksibiti."

Aliandika "simu moja nyeusi." Sikumwambia aandike namba za ndani.

Jumamosi nilipanda Kilungu. Dada yangu alikuwa uani akichambua parachichi, za dalali upande huu na za nyumbani upande ule. Niliketi juu ya kreti nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu droo mpaka sifuri. Nilipomaliza alijifuta mikono kwenye leso.

"Mwanaasa," akaniita, kama anavyoniita tangu tukiwa watoto wa baba mmoja chini ya paa moja. "Hayo maneno ulikuwa nayo siku hizi zote?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ungeweza?"

"Kwa dakika kumi."

"Ukaacha."

"Ingekuwa wizi, dada."

"Wizi wa pesa ya nani?"

Aliinama akaendelea kuchambua.

"Mimi si mtu wa kusoma," akasema. "Lakini ndoo ya maji ikipinduka mbele yangu siulizi ni ya nani. Naiinua."

Shemasi alipatikana na hatia ya udanganyifu, akatozwa faini, akailipa siku hiyo hiyo kabla korti haijafungwa. Alipotoka alitupungia mkono na kutuambia atatuombea. Wanawake wawili walimtemea mate, yakaanguka kwenye vumbi. Alikotoa pesa ya faini hakuna aliyemuuliza. Hakimu akaamuru vielelezo vyote virudishwe kwa walalamikaji.

Tulikwenda kituoni kuvichukua, dada yangu na mimi. Ofisa mpelelezi alikuwa ameviweka juu ya meza kwa mstari: simu tatu za shemasi, laptopi, bahasha; ile yangu nyeusi ilikuwa bado kabatini. Vyote vilikuwepo, na ufa wa kioo ulikuwa pale pale, kona ya kulia. Akafungua kitabu kikubwa cha vielelezo, akamgeuzia dada yangu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, weka sahihi hapa, hapa na hapa. Umepokea simu, umepokea laptopi, umepokea pochi ya mtandaoni ya thamani ya shilingi milioni moja, elfu mia tisa kumi na mbili, na mia nne. Zote katika hali njema."

"Hiyo pochi iko wapi?" dada yangu akauliza.

Ofisa akakata muhuri kwa kisu kidogo, akatoa ile karatasi ya plastiki na kuilaza mbele yake. "Ndiyo hii."

"Na pesa?"

"Mwaitu, mimi narudisha kile nilichukua. Nilichukua maneno, narudisha maneno. Hesabu mwenyewe, hakuna hata moja limepotea."

Alisema hivyo bila kejeli. Nilimtazama usoni nikitafuta mwizi, nikakosa. Alikuwa mtu aliyefanya kazi yake yote kama ilivyoandikwa, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angekuwa na noti zetu mfukoni.

Dada yangu aliiweka kalamu chini. "Mimi nimeshika pesa ya watu miaka kumi na sita," akasema. "Sijawahi kusaini pesa ambayo sijaishika."

"Usiposaini sitakupa hata simu."

"Kaa nazo."

"Lakini kitabu lazima kifungwe, mwaitu. Faili itakaa wazi!"

"Ikae."

Akafunga leso yake kichwani na kutoka. Nilimfuata. Nyuma yetu nilimsikia ofisa akimwita askari mwingine alete lakiri, bahasha ifungwe tena.

Mwezi uliofuata wanachama walishuka kwenye mteremko wa chini na magunia yao. Waliingia kwa adabu, wakabisha hodi kwanza, na dada yangu akawapikia chai. Hakuna aliyemsema. Walipomaliza kuchuma walikaa kwenye nyasi, na katibu akamwomba mweka hazina aseme kiasi cha kuandikwa katika kumbukumbu za chama, chini ya neno "imepotea." Alikitaja bila kusoma popote: shilingi milioni moja, elfu mia tisa kumi na mbili, na mia nne.